Tulidhani hana damu, kumbe chuma kimemjaa: uzi wa mdogo wangu

mkaapwani:
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu mgonjwa si mimi, ni mdogo wangu, na bila ruhusa yake nisingeandika hata mstari. Juzi ameniruhusu kwa sharti: "Usinitaje jina, na usiniandike kama nimeshakufa." Basi nitamwita Dogo. Sisi ni watu wa Unguja.

Nianze na mkono wake, maana ugonjwa ulijionyesha hapo na hakuna aliyeuona. Dogo ni fundi simu. Alipokuwa na miaka 21, vifundo vya kidole cha shahada na kidole cha kati vilianza kumuuma, mkono wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Zile bisibisi ndogo za simu akawa anazishika kwa gumba na kidole cha pete, kama mtu aliyeshika kijiti cha udi kinachowaka. Nikawa namtania kuwa anajifunza kuonyesha pete ya ndoa. Yeye akasema ni kazi tu, anainama sana.

Kisha ukaja uchovu. Nyumba yetu ina ghorofa mbili, na alikuwa akifika katikati ya ngazi anasimama kutafuta pumzi, anajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Ramadhani ile, katikati ya tarawehe, akakaa kitako. Mzee mmoja safu ya nyuma akaguna kwamba vijana wa sasa hawana miguu, wana vidole vya kuchezea simu tu.

Nyumbani hukumu ikatoka usiku huo huo: "Huyu hana damu." Mnajua kwetu. Mtu akichoka hana damu, akiona kizunguzungu hana damu, akichelewa kuamka hana damu. Mama akaingia jikoni: maini ya ng'ombe mara mbili kwa wiki, matembele, bitiruti, juisi ya rozela jagi zima. Kituo kimoja cha afya, ambacho sikitaji, kikamwandikia vidonge vya kuongeza damu bila hata kumtoboa kidole kupima. Alivimeza miezi minane. Miezi minane tunampa chuma mtu ambaye ugonjwa wake ni chuma.

Naenda kuswali, narudi.

Kipanga77:
Nakaa siti ya mbele. Usituache njiani kama wale jamaa wa hadithi za majini.

mjukuu wa mkulima:
Bila picha hakuna uzi. Natania mkuu, endelea.

mkaapwani:
Nimerudi.

Hospitali ya kwanza iliyompima damu ilikuta himoglobini 15.8. Daktari akacheka: "Nani kakwambia huna damu? Unayo kunishinda mimi." Pale pale vidonge vingesimamishwa na swali lingeulizwa: kama damu ipo, uchovu unatoka wapi? Halikuulizwa. Vipimo vya ini vilikuwa juu, homa ya ini B na C hana, sukari ya asubuhi 13. Kijana mwembamba wa miaka 22, ukoo mzima hauna mwenye kisukari cha umri huo. Akaulizwa, "Unakunywa pombe?" Akasema hajawahi kuonja. Daktari akamtazama vile mtu anavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni anayeapa hajaiba, akaandika kwenye cheti: apunguze pombe. Cheti hicho Dogo anacho mpaka leo. Mambo mengine yote amesamehe, hilo bado.

Lililofuata pia ameniruhusu nilisema, kwa sababu anaamini kuna kijana atalisoma akiwa amejifungia chumbani. Ndevu hazikumwota. Ile hamu ya ujana ilikuwepo, kisha ikapotea kabisa. Hakumwambia mtu. Mwaka mzima alikuwa akinunua zile chupa za "nguvu za kiume" kwa wauza dawa wa mitaani, nikazikuta siku moja chini ya godoro, kama saba hivi. Nilimgombeza, Mungu anisamehe. Nilidhani ana mambo mengine.

Siku iliyotuamsha ilikuwa usiku wa Jumatano. Moyo ulimwenda mbio kwa saa nzima, mapigo hayana mpangilio, unaweza kuyaona shingoni. Asubuhi tukapanda boti kwenda Dar.

Huko tukampata daktari kijana, mwanamke, wa zamu. Akampa mkono kumsalimia na Dogo akakunja uso. Hakuuachia ule mkono. Akaubonyeza kifundo cha shahada, akabonyeza cha kati, akauliza, "Hapa na hapa tu?" Kisha akavuta kiti akakaa. Akauliza ndevu. Akauliza sukari ilianza lini. Akamwomba avue shati, akalinganisha ngozi ya mgongo na picha yake ya kitambulisho. Dogo alikuwa amekuwa mweusi zaidi, weusi wenye kijivu ndani yake. Sisi tulikuwa tunasema ni jua. Kwa ngozi zetu nani angegundua?

Akaandika vipimo viwili: feritini, na asilimia ya transferini iliyobeba chuma. Majibu ya feritini yalirudi yameandikwa "zaidi ya 2000", maana mashine ilikuwa imefika mwisho wake. Wakaichanganya damu na maji ya maabara wakapima tena: 4,310. Kwa mwanamume, maabara nyingi huanza kushtuka ikipita 300 au 400. Transferini: asilimia 97.

Kipanga77:
Duh. Na hivi vipimo mbona sijawahi kuvisikia hospitali zetu?

DaktariWaZamu:
Vipo maabara kubwa, ila haviandikwi. Daktari akiandika feritini mara nyingi anatafuta upungufu wa chuma, si wingi. Mkuu mkaapwani, naomba nieleze kidogo kwa nini namba ile ya pili ndiyo yenye maana zaidi, halafu uendelee.

Feritini ni ghala la chuma, lakini pia hupanda kwa sababu nyingine kibao: malaria, maambukizi yoyote, ini lenye mafuta, pombe, uvimbe wa viungo. Ukimpima mtu mwenye homa utapata feritini ya kutisha na hana lolote la chuma. Transferini ni gari linalobeba chuma kwenye damu. Kwa kawaida magari hayo yamejaa theluthi moja hivi. Yakipita asilimia 45, na ukarudia ukapata vile vile, anza kuuliza maswali. Asilimia 97 maana yake hakuna gari lenye nafasi, na chuma kinatembea kwa miguu barabarani. Chuma cha namna hiyo ndicho kinachoingia kwenye ini, kongosho, moyo, viungo, na ile tezi ndogo chini ya ubongo inayoamrisha homoni za uzazi. Ndiyo maana kijana mmoja anapata kisukari, moyo kwenda mbio na kukosa ndevu, halafu anapelekwa kwa mabingwa watatu tofauti wasiozungumza.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma. Kila siku utumbo unanyonya miligramu 1 au 2, na kiasi hicho hicho hupotea kwa ngozi na utumbo unaobanduka. Mtego uko hapa: hatuna mlango wa kutolea chuma cha ziada. Figo hazina kazi hiyo. Kinacholindwa ni mlango wa kuingilia, na bawabu wake ni homoni inayotengenezwa na ini, hepsidini. Chuma kikitosha, bawabu anafunga lango la utumbo liitwalo feropotini. Bawabu huyu amejulikana karibu na mwaka 2000 tu, kwa hiyo msiwalaumu sana wazee wetu waliosoma kabla.

Sasa kuna familia ambazo bawabu hayupo, au yupo na haamriki. Lango liko wazi tangu mtoto anazaliwa. Huo ndio himokromatosisi.

mjukuu wa mkulima:
Daktari, mimi nimesoma mahali kuwa huu ni ugonjwa wa wazungu. Watu wa Ireland huko. Sasa Unguja umefikaje?

DaktariWaZamu:
Umesoma kweli, ila umesoma nusu. Ule unaojulikana zaidi unatokana na jeni liitwalo HFE, lilitambuliwa 1996, na ni wa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, Ireland wakiwa mstari wa mbele. Huo huchelewa, mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 40. Kuna aina nyingine adimu zisizo na kabila. Ya ujanani ndiyo kali kuliko zote: inaharibu moyo na homoni kabla mtu hajafika 30, na inapata wanawake na wanaume sawa. Jeni lake kuu, hemojuvelini, lilitambuliwa 2004. Jeni jingine linaloleta hali hiyo hiyo ni la hepsidini yenyewe. Kwa maelezo ya mkuu, naona tunakoelekea.

Na kusini mwa Afrika kuna hadithi yake. Tangu 1929 madaktari waliandika juu ya wanakijiji wenye maini yaliyojaa chuma, wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwenye mapipa na vyungu vya chuma. Miaka mingi ilisemwa ni pombe tu. Mwaka 1992 watafiti wakaonyesha kuwa pombe peke yake haitoshi kueleza, huenda na urithi umo. Kwa hiyo Mwafrika na chuma cha kuzidi ni watu wanaojuana.

mkaapwani:
Asante daktari, umenipunguzia kuandika. Ndiyo, tulikoelekea ni huko.

Tulikwenda Chennai. Tulichagua huko kwa sababu tulikuwa na ndugu wa kutupokea, si kwamba ndiko pekee. Kipimo kilichonishangaza ni MRI ya moyo na ini inayopima chuma. Hakuna sindano. Unalala, mashine inagonga kama fundi bati, na mwisho unapewa namba ya milisekunde. Jinsi chuma kinavyozidi ndivyo namba inavyoshuka. Moyo salama uko juu ya 20. Chini ya 10 ni hatari kubwa. Dogo alikuwa 14. Nguvu ya moyo kusukuma damu asilimia 42, wakati mzima anatakiwa apite 50. Damu ya kupima jeni ikachukuliwa, majibu yakaja baada ya wiki kadhaa: hemojuvelini, kasoro ile ile moja kwenye nakala zote mbili. Ya baba na ya mama.

Baba na mama ni watoto wa ndugu.

Kiboko ya Mapenzi:
Ndiyo hayo sasa! Tunasema kila siku ndoa za binamu zipigwe marufuku, watu wanaleta dini. Wazazi wenu ndio waliowaua.

mkaapwani:
Hakuna aliyekufa hapa, na soma sharti la Dogo kule juu.

Nikujibu mara moja. Baba na mama kila mmoja alikuwa na nakala moja mbovu na nakala moja nzima, na mwenye moja tu haugui. Hawakujua, wala babu yao aliyewarithisha hakujua. Kweli kuoana ndani ya ukoo kunaongeza nafasi ya nakala mbili mbovu kukutana, na sisi sasa tunalisema wazi kwenye vikao vya posa, tunataka watu wapime. Lakini mama yangu, siku aliposomewa majibu, aliuliza jambo moja tu: "Yale maini niliyompikia?" Usiku huo alizitoa sufuria zote kabatini akazipanga upya. Ukitaka kumhukumu, njoo umhukumu mbele yangu.

Bibi Mwanakombo:
Pole sana mwanangu. Mwambie mama maini hayakumleta ugonjwa.

DaktariWaZamu:
Bibi yuko sahihi. Maini na vidonge viliongeza mzigo, havikuuanzisha. Vidonge ndivyo vya kulaumiwa zaidi, si chakula.

mkaapwani:
Nitamsomea mama komenti hizi mbili. Shukran.

Matibabu. Watu wanatarajia niseme dawa ya ajabu. Tiba kuu ni kutoa damu. Kila chembe nyekundu ya damu imebeba chuma. Ukiitoa, mwili unachota chuma ghalani kutengeneza nyingine. Unatoa tena, unachota tena. Mfuko mmoja wa mililita 450 unatoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Dogo walikadiria ana zaidi ya gramu 10 za ziada. Pigeni hesabu: mifuko 40 na kitu, mmoja kila wiki, karibu mwaka.

Kwa sababu ya moyo walianza na mililita 300, taratibu, huku wakimrudishia maji kwa dripu. Kabla ya kila mfuko himoglobini inapimwa, ikishuka chini ya 12 wiki hiyo anapumzika.

Tuliporudi nyumbani ndipo shida ilipoanza. Nani atamtoa damu? Benki ya damu inapokea wachangiaji, mwanamume kila baada ya miezi mitatu. Mtu wa kila wiki, tena mwenye kisukari na moyo mgonjwa, hawezi kuwa mchangiaji. Wadi nayo ikasema mifuko ya damu iko chini ya benki. Wiki tatu tulizunguka na barua ya daktari kwenye bahasha mpaka ikaoza pembe. Aliyetuokoa ni nesi mmoja mtu mzima aliyesema, "Kwani kinachotakiwa si mfuko, sindano na kitanda? Njooni Alhamisi saa nane."

Siku ya kwanza nilikaa pembeni. Mfuko uliwekwa chini ya kitanda juu ya mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, kwa sababu mashine yenyewe ya kutikisa ilikuwa benki. Nesi akawa anautikisa kwa ncha ya kiatu, kidogo kidogo, huku anazungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili. Damu ilikuwa nyeusi. Mama alipouona mfuko umejaa akauliza unakwenda kwa nani. Akaambiwa unakwenda kuchomwa. Wadi ya wazazi ilikuwa mlango wa tatu, na ubaoni kuna tangazo wanaomba damu. Mama hakusema kitu, akageuka ukutani.

UmmuNasra:
Hilo la kuchoma damu linauma. Nimesikia Ulaya wanaipokea.

DaktariWaZamu:
Uingereza, Ireland na hata Marekani damu ya watu hawa inaweza kupokewa, mradi wanatimiza masharti mengine ya mchangiaji. Kasoro iko kwenye jeni, haiambukizi kwa damu. Dogo asingefaa kwa sababu ya moyo, ila wengine wangefaa.

Sheikh wa Kijiweni:
Ndugu, mbona mmezunguka sana? Hii ni hijama tu. Wazee wetu waliumika kwa pembe tangu enzi. Mpeleke apigwe chuku mara moja kwa mwezi, bila India.

mkaapwani:
Nilijua utakuja. Sina ugomvi na hijama, babu yangu alikuwa anaumika kwa pembe ya ng'ombe na mimi mwenyewe nimewahi kuumikwa. Lakini piga hesabu. Pembe zote zikijaa umepata kiasi gani, kikombe cha kahawa? Kile cha Forodhani au cha nyumbani? Na haipimwi. Dogo anahitaji mililita 450 zilizopimwa, kila wiki, himoglobini imeangaliwa na moyo umesikilizwa. Siku mtakapoumika mizani ikiwa chini, tutaongea.

Na tukiwa kwenye mlango huo: Ramadhani iliyofuata tulimuuliza sheikh wetu kama kutoa damu kunafunguza. Akasema kwa madhehebu yetu ya Shafi hakufunguzi, ila mtu asijidhoofishe. Daktari naye alitaka anywe maji mengi kabla. Tukahamishia baada ya futari, nesi yule akakubali kubaki. Tulimpelekea vitumbua kila wiki.

Tiba za Asili Original:
Mkuu njoo PM kuna unga wa mlonge na mizizi unasafisha ini siku 21.

mkaapwani:
Hapana. Na mlonge wenyewe mnausifia kwa wingi wa chuma.

UmmuNasra:
😂 Hapo umemmaliza.

Mimi niko Maskati, mwanangu ana thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huyo naye hujaa chuma, lakini kwa njia nyingine, kwa kuongezewa damu kila baada ya wiki tatu. Yeye hawezi kutolewa damu, kwa hiyo anatumia dawa ya kukamata chuma. Dogo hakupewa?

mkaapwani:
Alipewa, dada. Kwa sababu ya moyo hawakutaka kusubiri mifuko peke yake. Deferoksamini, kwa pampu ndogo ya sindano, chini ya ngozi ya tumbo, usiku kwa muda wa saa kumi mfululizo, siku tano kwa wiki, miezi tisa.

UmmuNasra:
Basi tunajuana. Mwambie asichome mahali pale pale, azunguke kama saa. Sindano ikitoka iache ngozi ipumzike na kitambaa cha vuguvugu, uvimbe unashuka. Na mkojo je, uligeuka rangi?

mkaapwani:
Uligeuka kama chai ya rangi iliyokolea. Siku ya kwanza alinipigia simu kutoka chooni. Nesi akacheka: hicho ndicho chuma kinachotoka.

UmmuNasra:
Mwanangu alikuwa anauita mkojo wa Fanta. Siku hizi amehamia vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, deferasiroksi. Pampu tumeiweka kabatini, naogopa kuitupa.

Kipanga77:
Na chakula? Asile nyama tena?

mkaapwani:
Chakula ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mfuko mmoja unatoa chuma ambacho chakula kingechukua miezi kukiingiza. Walimkataza vidonge vya chuma, vidonge vya vitamini C (hasa kwa mwenye moyo mgonjwa, vinaweza kuukoroga), na pombe, ambayo ndiyo hiyo hiyo aliyoandikiwa apunguze. Nyama anakula kwa kiasi. Chai ya rangi na chakula inasaidia kidogo kuzuia chuma, na kwetu hilo halihitaji kuandikiwa na daktari. Jingine la watu wa pwani: asile chaza wala kome wabichi, na akiwa na kidonda asiingie baharini. Kuna bakteria wa maji ya bahari ya joto wanaopenda chuma, na kwa mtu wa aina yake wanaweza kuua kwa siku mbili.

Bibi Mwanakombo:
Mwanangu, ndugu wengine mmepima?

mkaapwani:
Nilikuwa naogopa swali hili, Bibi. Tumepima.

Kila mtoto wa wazazi wale ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili mbovu. Tuko watatu. Mimi nina moja, mbebaji tu, siugui. Mdogo wetu wa kike alikuwa na miaka 18. Hedhi yake ilikuja vizuri miaka mitatu, kisha ikakata. Miezi saba. Shangazi zangu walikuwa wameshaanza kumtazama tumbo, mmoja akafika mbali akamnunulia kipimo cha mimba akakiweka juu ya kitanda chake bila neno. Transferini asilimia 91, feritini 1,150. Ini zima, moyo safi, sukari sawa. Chuma kilikuwa kimeanza na ile tezi.

Yeye alihitaji mifuko 18 tu. Hedhi ilirudi kwenye wa kumi na nne. Shangazi aliomba radhi kwa kuleta kanga doti mbili, na dada yangu amezipokea lakini hajazivaa.

DaktariWaZamu:
Huyu ndiye aliyepona kwa kweli. Akibaki na feritini kati ya 50 na 100 maisha yake yote, mfuko mmoja kila baada ya miezi michache, hatapata alichopata kaka yake. Wakati wa ujauzito mwambieni asikubali vidonge vya chuma vya kliniki bila kuonyesha barua yake. Atapewa tu, ni utaratibu wa wote.

mkaapwani:
Barua ameipiga laminesheni, iko kwenye pochi.

mjukuu wa mkulima:
Na Dogo sasa?

mkaapwani:
Mifuko 43 ilimfikisha feritini 80. Moyo umetoka asilimia 42 hadi 55, na MRI ya mwisho ilikuwa 22. Mapigo yametulia. Kisukari kimebaki, anachoma insulini, kongosho halikurudi. Vifundo vya vidole navyo havikurudi, wametuambia mapema kwamba viungo ndivyo visivyosamehe. Ameacha simu, amefungua duka la vifaa vyake na kuajiri kijana wa kushika bisibisi. Homoni anachomwa sindano ya testosteroni kila baada ya wiki tatu. Kuhusu watoto, daktari amesema siku akitaka kuoa wabadilishe sindano, kuna nyingine za kuamsha mbegu. Asubuhi hii nimekuta sinki ya nyumbani imejaa vinyweleo. Nimemwita asafishe, amekataa, anasema niviangalie kwanza.

Kipanga77:
😂😂 Mwache aringe.

Mvuvi wa Kipumbwi:
Mkuu nimesoma uzi wote kimya. Nina miaka 34, nachoka sana, viungo vya vidole vinauma, nimekwenda kupima leo asubuhi. Kwenye karatasi hakuna asilimia ya transferini. Kuna chuma 33 na kitu kinaitwa TIBC 60. Feritini 610. Ina maana gani?

DaktariWaZamu:
TIBC ni jumla ya chuma ambacho magari yote yangeweza kubeba. Gawa 33 kwa 60, zidisha kwa 100, utapata asilimia ya transferini.

Mvuvi wa Kipumbwi:
55.

DaktariWaZamu:
Umekula kabla ya kupima? Una homa yoyote? Unameza vidonge vya chuma au vya vitamini?

Mvuvi wa Kipumbwi:
Nilikunywa chai na mihogo. Homa sina. Vidonge vya kuongeza damu nameza, nilipewa mwezi jana.

DaktariWaZamu:
Acha hivyo vidonge leo. Rudia baada ya wiki mbili, asubuhi, tumbo tupu, vipimo vile vile pamoja na ini na sukari. Huenda ni vidonge tu vimepandisha. Ikirudi tena juu ya 45, beba karatasi zote mbili kwa daktari wa magonjwa ya ndani na umwambie unataka kuchunguzwa chuma cha kuzidi. Kaka na dada unao?

Mvuvi wa Kipumbwi:
Tuko saba.